Ujasiri jukwaani huanza na lugha, si kelele

KATIKA sherehe za kitaifa, kisa huwa kile kile. Kiongozi husoma hotuba ndefu kwa Kiingereza, macho kwenye karatasi, huku umati uliokaa juani ukipiga miayo. Pindi anapoikunja karatasi na kuanza kunena kwa Kiswahili, sauti yake hupata uhai na watu wakategea sikio.

Hayati Rais Daniel arap Moi aliutumia mtindo huo kwa miaka mingi. Wengi walisubiri sehemu ya pili, kwani humo ndimo walimotarajia kusikia msimamo wake halisi.

Mabadiliko hayo si sadfa. Ujasiri jukwaani hauletwi na kipaza sauti wala suti ya bei ghali. Huletwa na mambo mawili: kuielewa barabara hoja, na kuimudu lugha ya kuielezea.

Bunge lilishuhudia hayo Julai 1974, Mzee Jomo Kenyatta alipoagiza mijadala iendeshwe kwa Kiswahili. Baadhi ya wabunge waliosifika kwa Kiingereza walianza kubabaika, ilhali wenzao waliozoea kunyamaza wakapata sauti. Watu walikuwa wale wale. Kilichobadilika ni lugha.

Wala haimaanishi kwamba Kiingereza ni adui. Desemba 30, 2002, Mwai Kibaki aliapishwa katika bustani ya Uhuru, Nairobi, akiwa kwenye kiti cha magurudumu, mguu umefungwa plasta kufuatia ajali ya barabarani. Hakuweza kusimama kujionyesha. Hata hivyo, alihutubu kwa Kiingereza alichokimudu, kuhusu ufisadi ambao wananchi walikuwa wamechoka nao, na maneno yake yakawa na uzito.

Anayeumia zaidi ni raia wa kawaida. Katiba ya 2010 inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi. Aidha, inalitaka Bunge kuwashirikisha wananchi katika kazi zake. Lakini mkulima anayekabidhiwa mswada wa kurasa nyingi kwa Kiingereza, kisha akaambiwa ainuke atoe maoni, atajikunyata kitini. Kimya chake huhesabiwa kuwa ridhaa.

Mkulima huyo si mwoga. Sokoni hutetea bei ya mazao yake bila kutetemeka. Apewe mswada mapema, kwa lugha anayoielewa, na wakubwa watashangaa jinsi anavyojua kusema.