Tukishinda ni Sisi, Wakishindwa ni Wao

Ijumaa ya tarehe 22 Agosti 2025 haitasahaulika upesi na wapenzi wa kandanda nchini. Jioni hiyo, katika uwanja wa Kasarani, timu yetu ya Harambee Stars ilitolewa na Madagascar katika robo fainali ya CHAN, mashindano ya wachezaji wa Afrika wanaosakata kabumbu katika ligi za nyumbani kwao. Haikuwa kwa kuzidiwa. Alphonce Omija alitupatia bao mapema katika kipindi cha pili, Madagascar wakasawazisha kwa penalti, na muda wa nyongeza ukapita bila ya mshindi. Ndipo ilipokuja mikwaju ya penalti, tukashindwa 4 kwa 3.

Sisi tuliutazama mchezo huo barazani, Mji wa Kale, Mombasa. Adhana ya Magharibi ilipolia, wenzetu walikwenda msikitini tukiwa tunaongoza. Waliporudi, hata viatu hawajavua, wakauliza, "Bado twaongoza?" Hapana aliyewajibu.

Mkwaju wa mwisho ulipokwisha pigwa, kijana mmoja aliinuka akasema kuhusu mchezaji aliyekosa penalti, "Huyu ametuuza!" Mwenzake akaongeza tusi ambalo halifai kuandikwa, la kumtaja mama wa mtu. Mzee mmoja aliyekuwa akinywa kahawa akaweka kikombe chini.

"Mwanangu," akamwambia, "siku ile mliposema 'tumewafunga Moroko', wewe ulicheza namba ngapi?"

"Sikucheza, ami."

"Basi mbona siku ile mlikuwa nyinyi, na leo ni yeye peke yake?"

Swali la mzee huyo ndilo tunalotaka kuliweka mbele ya wasomaji wetu. Sisi mashabiki tuna ada mbaya. Timu ikishinda, twasema "tumeshinda". Ikishindwa, twasema "wameshindwa". Ushindi twaugawana nchi nzima, na kushindwa twamtwika kijana mmoja aliyethubutu kuuendea mpira huku miguu ya wenzake ikitetemeka. Kijana huyo ana mama, na mama huyo ana masikio.

Tutazame basi hesabu ilivyokuwa. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza kwa Kenya kucheza CHAN. Katika kundi lake, ilitoka sare ya 1-1 na Angola, ikazifunga Kongo, Moroko na Zambia, kila moja 1-0. Dhidi ya Moroko ilicheza muda mrefu ikiwa na watu kumi. Furaha zote tatu tulizozipata zilikuwa za bao moja moja. Uzi uliotubeba ulikuwa mwembamba tangu mwanzo, nasi tulishangilia bila ya kuuangalia. Ulipokatika mara moja tu, twamtafuta wa kumlaumu!

Na waliotutoa hawakuwa dhaifu. Madagascar walifika fainali, nayo ilichezwa papo hapo Kasarani tarehe 30 Agosti, wakafungwa 3-2 na Moroko, wale wale tuliowafunga. Tena msiba huo haukuwa wetu peke yetu. Tanzania na Uganda, tulioandaa nao mashindano hayo, walitolewa pia katika robo fainali, kila mmoja kwa bao 1-0.

Chuoni tulifundishwa kujihadhari na neno "lau". Lau angepiga kulia, lau angepewa mwingine! Neno hilo humfungulia shetani mlango. Lakini mafunzo hayo hayo yatuambia tufanye bidii katika lenye kutufaa. Kwa hivyo hatusemi mashabiki wafunge midomo. Wamuulize kocha kwa nini bao la kuongoza halikulindwa, na wasimamizi wa mchezo waulizwe vijana hawa wanalelewa vipi. Hayo ni maswali ya mtu mwenye timu yake. Kutukana ni kazi ya mpita njia.

Sisi tuliokuwa vijana mwaka 1987 twakumbuka fainali ya Michezo ya Afrika, uwanjani Kasarani, Misri walipotufunga 1-0. Twaikumbuka mpaka leo, wala si kwa aibu. Bao moja lilitunyima medali ya dhahabu, lakini halikututenga na wachezaji wetu.

Wahenga walisema, asiyekubali kushindwa si mshindani. Nasi twaongeza kuwa asiyekubali timu yake kushindwa si shabiki wake. Kijana aliyekosa penalti akipita mbele ya baraza zetu, tumpe salamu na kikombe cha kahawa, tumwambie, "Tulishindwa, mwanetu." Neno hilo "tulishindwa" ni zito kulitamka, lakini ndilo litakalotupa haki ya kusema "tumeshinda" siku ya pili.