Karibu, Nyanya, Panda Taratibu

Juzi, tulipokuwa tukitoka hitimani, tulimwona kijana akimfungulia nyanya yake mlango wa gari, naye akamwambia, "Hop in!" Bi mkubwa huyo, mkongojo mkononi, alisimama kidogo, kisha akatugeukia sisi: "Amesema nini?"

Tulisita kumjibu, kwani asili ya neno hilo la Kiingereza ni kuruka kwa mguu mmoja. Wenye lugha yao huambiana hivyo kwa uchangamfu, hasa marafiki, wala hapana ubaya. Kijana naye hakukusudia utovu wa adabu. Ulimi wake umezoea kusema na wenzake.

Lakini lugha yetu si maskini. Tuna "karibu", tuna "panda", tuna "ingia". Na wazee wetu wa pwani waliposafiri kwa jahazi walisema "kuabiri", neno lililo shina moja na "abiria". Hatuwakatazi watoto wetu Kiingereza, bali twawausia watambue wanasema na nani. Mzee haambiwi aruke.

Na kabla mguu haujaingia garini, ulimi utangulize Bismillahi, kisha isomwe dua ya kupanda kipando, iliyomo katika Suratu Zukhruf, aya ya 13 na 14.

Tulimnong'oneza kijana. Akainama, akamshika mkono: "Karibu, nyanya, panda taratibu." Bi mkubwa akapanda, akimwombea heri.

Wabillahi tawfiq.