Jedwali Likipotea, Msing'oe Mlango!

Nimerudi chuo, mazoezi ya kufundisha yamekwisha na vumbi la Buseresere bado halijatoka kwenye viatu. Habari za darasani nitaziandika siku nyingine. Leo nina hasira na jambo moja, na mnivumilie maana ni la kompyuta. Hata kama kompyuta huzipendi, soma tu, kwa sababu ni la majina ya watu na alama za watoto.

Shule moja (jina siliweki hapa) ina mfumo mdogo wa kuingizia alama, umetengenezwa kwa Django. Ulipohamishiwa kwenye kompyuta nyingine ukagoma. Kila anayejaribu kuingia, skrini inamjibu: no such table: auth_user. Yaani jedwali la watumiaji, lile lenye majina na nywila za walimu, halionekani. Dawa iliyopigiwa makofi ofisini ni hii: "Toeni hiyo habari ya nywila, kila mtu aingie moja kwa moja, tumalize kazi."

Jamani! Hiyo siyo dawa. Kitasa kikigoma, unang'oa mlango?

Tuanze na kosa lenyewe, maana watu wanaliogopa bila kulisoma. Halijasema alama zimepotea. Limesema programu imetafuta jedwali fulani mahali fulani ikalikosa. Swali la kwanza basi ni: imetafuta wapi? Fungua faili la settings uone. Kama mfumo unatumia SQLite, hifadhidata nzima ni faili moja tu. Ukiielekeza kwenye folda isiyo yenyewe, SQLite hailalamiki, inafungua faili jipya, tupu kabisa, na kuendelea kama kawaida. Faili la zamani limelala kwenye folda nyingine au kwenye kompyuta ile ya mwanzo, na kila kitu kimo. Tazama ukubwa wake. Faili lenye baiti 0 haliwezi kuwa na alama za shule nzima!

Kama faili ni lenyewe, uliza la pili: majedwali yalishajengwa? Amri ya python manage.py showmigrations inakuonyesha kilichofanyika na kisichofanyika, na python manage.py migrate inajenga kilichobaki. Amri hii imo ndani ya Django tangu toleo la 1.7 la mwaka 2014. Kabla ya hapo ilikuwa syncdb, ndiyo maana wanaofuata vitabu vya zamani wanahangaika bure.

Wenye MySQL nao wana yao, kosa namba 1146. Mfumo uliozaliwa kwenye Windows hautofautishi Users na users. Ukiupeleka kwenye seva ya Linux, kwa kawaida hayo ni majedwali mawili tofauti. Wengine wananakili folda ya data ya XAMPP na kuliacha faili la ibdata1, halafu majina ya majedwali yanaonekana lakini ukiyagusa unaambiwa hayapo. Ungetumia mysqldump toka mwanzo usingefika huko.

Sasa wale wa "tutengeneze jedwali jingine kwa mkono". Auth_user ina safu 11, na haiko peke yake, ina wenzake watano wa vikundi na ruhusa. Nywila humo hazikai wazi. Ukiandika 12345 kwenye safu ya nywila, Django itaikataa, na hapo ndipo fundi wa haraka anapobadilisha programu ili nywila zisomeke wazi kama mabango ya barabarani. Halafu kuna kibaya zaidi. Kila alama imebandikwa namba ya mwalimu aliyeiingiza. Ukianza kuhesabu upya, namba 7 aliyekuwa wa Hisabati anaweza kuwa mtu mwingine kabisa. Alama zipo, mwenye nazo kabadilishwa kimyakimya. Mimi hilo naliogopa kuliko kosa linaloonekana kwenye skrini.

Najua jibu lenu: "Kijana, mitihani haingoji." Sawa, haingoji. Basi andikeni kwenye karatasi siku hiyo! Karatasi ina mwandiko na saini ya mwalimu. Mfumo usio na mlango hauna saini ya mtu yeyote. Akija mtu kumpandisha mwanae toka 38 hadi 83, utamuuliza nani?

Na msiniambie haya ni mambo ya Dar. Kwetu ukanda wa dhahabu ndiyo yanahusu zaidi. Wazazi wakisikia rashi imetokea mahali, wanahama, na mtoto anahama nao. Toka Buseresere kwenda upande wa Katoro, kesho kutwa kwingine. Kinachomfuata huyo mtoto ni rekodi zake. Wachimbaji tunaowaita hawajasoma wanalijua hili kutuzidi. Mifuko ya mawe ikitoka duarani inahesabiwa na kuandikwa ni ya nani. Daftari likipotea, nani atathubutu kusema basi kila mtu ajichukulie? Si patachimbika!

Sheria nayo ipo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 1, 2023, na inamtaka anayekusanya taarifa za watu azilinde. Hakuna mahali imesema "isipokuwa siku mfumo ukigoma".

Hoja yangu kwetu sisi wanafunzi wa ualimu ni hii. Tunafundishwa kutunga mtihani, kusahihisha, kujaza alama. Tujifunze pia kuuliza alama zikishaingia nani anaweza kuzibadilisha. Mfumo ukigoma, nakili faili kwanza kabla ya kugusa chochote, soma kosa neno kwa neno, tafuta programu inaangalia wapi, ndipo ujenge kilichokosekana. Ukishindwa, muite anayejua na karatasi ziendelee. Na mkuu yeyote akiagiza nywila ziondolewe, mwombeni aagize kwa maandishi na saini yake. Tuone kama atakubali.

Naomba kutoa hoja.