Daktari, isubiri 'ila' ya mgonjwa

Mwezi uliopita nilimpeleka mamangu, ambaye umri wake umepita miaka 70, kliniki ya shinikizo la damu. Daktari, kijana mwenye heshima zake, alimwamkua shikamoo, mama akaitikia marahaba. Kisha akamwuliza, "Hujambo, mama?" huku macho yake yamekwisha kurudi kwenye tarakilishi. Mama akajibu, "Sijambo, mwanangu, ila..." Vidole vilikuwa vimeanza kugonga kibodi. Swali la pili likaja, na la tatu: Unakohoa? Miguu imevimba? Dawa unameza kila siku? Mama akajibu la, la, naam. Punde tukatoka na karatasi ya dawa nyingine, yenye nguvu zaidi, kwa kuwa pimo lilikuwa juu.

Ukweli niliusikia nje, mama alipokuwa akizungumza na muuguzi aliyemshika mkono ili aketi. Kwa miezi miwili alikuwa akimeza nusu kidonge, ili dawa za mwezi mmoja zimfikishe mwezi wa pili. Hakutaka kunisumbua kwa pesa. Hiyo ndiyo iliyokuwa "ila" yake. Tarakilishi ilisema anameza dawa kila siku, na kwa hakika alikuwa akimeza kila siku.

Tulirudi ndani. Daktari aliifuta dawa ile mpya akaomba radhi. Simlaumu sana, kwani foleni iliyokuwa ikimngoja ilifika langoni.

Mimi ni mwalimu wa isimu, na kila mwaka huwafundisha wanafunzi wangu kauli ya Bronisław Malinowski ya mwaka 1923, kwamba yako maneno ambayo kazi yake si kupasha habari bali kuwaunganisha watu. Salamu ni mfano anaoupenda kila mhadhiri. Lakini Mswahili mgonjwa huifanya salamu ibebe mizigo yote miwili. Adabu humlazimu aseme "sijambo" hata akiwa hajiwezi. Ugonjwa wenyewe huja baadaye, nyuma ya "ila", na aghalabu baada ya kimya kifupi cha kumpima anayeuliza. Akiona uso umegeukia kwingine, humeza maneno yake. Tarakilishi ina nafasi ya "ndiyo" na nafasi ya "la". Kimya kile hakina pa kuandikwa.

Baadhi ya wasomaji watadhani nataka turejee kwenye majalada ya karatasi. Hasha! Nakumbuka vyema daftari za shule tulizokuwa tukinunua ili daktari apate pa kuandikia, na jinsi zilivyopotea pamoja na historia yote ya mgonjwa. Isitoshe, nchi hii si mgeni katika jambo hili. Kituo cha afya cha Mosoriot, karibu na Eldoret, kilianza kutumia kumbukumbu za tarakilishi mwaka 2001, na kazi iliyoanzia huko ilichangia kuzaliwa kwa OpenMRS mwaka 2004, programu ambayo leo hutumika katika nchi nyingi. Wagonjwa wengi wa Ukimwi waliweza kufuatiliwa kwa sababu yake. Mwaka 2023 Bunge lilipitisha Sheria ya Afya ya Kidijitali. Tarakilishi zimekuja kukaa, na ni vyema.

Wala tatizo hili si letu peke yetu. Mwaka 2012 jarida la madaktari wa Marekani, JAMA, lilichapisha picha iliyochorwa na msichana wa miaka 7. Amejichora juu ya kitanda cha kupimiwa, jamaa zake wako kando, naye daktari amewapa wote mgongo, anaandika kwenye tarakilishi. Mtoto yule hakuwa akilalamika, alichora alichokiona.

Kwetu sisi mgongo huo una uzito zaidi, kwani daktari husikia kwa Kiswahili, au kwa lugha ya mama, kisha huandika kwa Kiingereza. Mgonjwa asemaye "moyo wanipaa" huenda ana maradhi ya moyo, au ana hofu tu, au amepokea habari mbaya kutoka nyumbani. Ni nani atakayejua ni lipi bila kumtazama usoni? Katiba ya 2010 imekifanya Kiswahili lugha rasmi. Sioni kwa nini maneno ya mgonjwa yasiandikwe kama alivyoyatamka, kisha tafsiri ya kitabibu ifuate.

Hayo yatahitaji wataalamu. Yapo mengine yasiyohitaji hata shilingi. Meza igeuzwe, ili skrini isikae kati ya watu wawili. Salamu iishe kabla ya kibodi kuguswa. Na daktari akimaliza kuandika, amsomee mgonjwa: "Nimeandika kwamba unameza kidonge kimoja kila siku, ndivyo?" Ninaamini mama asingeweza kuitikia swali hilo.

Tutarudi kliniki mwezi ujao. Nimemsihi mara hii aanze na lile linalomsumbua, asingoje kuulizwa. Amekataa katakata. Aniuliza ni lini mtu alianza kueleza shida zake kabla ya kujuliana hali.