Kura ipimwe mbele ya wote

Siku ya yenga, tarehe 15 desemba 2024, watu wa teritwari ya Masimanimba katika jimbo la Kwilu, na wale wa Yakoma kule Nord-Ubangi, walirudi kutupa kura. Walikuwa wamekwisha kuitupa siku moja na sisi wote, tarehe 20 desemba 2023, lakini sauti zao zilifutwa. Walingojea karibu mwaka muzima ili waitupe tena. Ilibakia siku tano tu mwaka utimie.

Hapa Nzilo na Kolwezi wengi wanasema: Masimanimba ni mbali, ile mambo inatuangalia sisi ginsi gani? Sisi tuko na kazi ya mugodi, tuko na watoto wa kulipia masomo. Tunajibu: inatuangalia sana, tena sisi kuliko wengine.

Tukumbuke kwanza mambo ginsi yalivyokuwa. Tarehe 5 januari 2024, CENI ya bwana Denis Kadima ilitoa uamuzi ambao haukuwa wa kawaida katika inchi yetu. Ilifuta sauti za wakandida 82, wa bunge ya taifa, wa mabunge ya majimbo na wa komini. Ndani yao kulikuwa mawaziri na magavana. Sababu zilisemwa wazi: udanganyifu, kununua watu, kushika mashini za kupigia kura pasipo haki, kuharibu vyombo, kutisha watumishi wa uchaguzi. Na katika Masimanimba na Yakoma uchafu ulikuwa mukubwa sana hata uchaguzi wote ukafutwa.

Ile kazi ilikuwa ya lazima, na tunaisifu. Mbele ya pale, tulizoea kusikia kwamba kila kitu kilipita muzuri, kumbe kila mutu katika cartier aliona kwa macho yake. Safari hii CENI yenyewe ilisema: ndiyo, watu waliiba. Lakini kusema mwizi ni nani ni nusu ya kazi. Mashini haina miguu. Kama ilifika katika nyumba ya kandida, kuna mutu aliyeitoa depo, kuna mwingine aliyeipakia katika gari, na kuna mukubwa aliyegeuza macho. Kunyima kandida sauti zake ni kitu kimoja. Kumufikisha mbele ya mwamuzi, yeye pamoja na wale waliomufungulia mulango, ni kitu kingine. Raia anangojea ile ya pili.

Halafu kuna swali la wakati. Inchi ndogo ya Kosovo, kule Balkani katika Ulaya, ilijitangaza kuwa huru tarehe 17 februari 2008. Ni ndogo kweli: unaweza kuiingiza ndani ya Lualaba mara kumi na nafasi ikabakia. Mwezi wa kumi na moja 2010, bunge yao iliangusha serikali, na tarehe 12 desemba wakaenda kwenye uchaguzi wa haraka, mbele ya wakati wake. Ulikuwa uchaguzi wa kwanza wa bunge kisha uhuru. Usiku wa kuhesabu, watu wakashangaa. Katika inchi nzima hata nusu ya wachaguzi hawakutoka, lakini katika komini ya Skenderaj, mahali ambapo chama ya waziri wa kwanza Hashim Thaçi iko na nguvu sana, hesabu ilionyesha kwamba zaidi ya watu 90 kwa mia walichagua. Wapinzani wakalia, waangalizi nao wakasema. Je, walingojea mwaka? Hapana. Tarehe 9 januari 2011 komini tano zilirudilia uchaguzi, wiki ine tu kisha ule wa kwanza. Katika muji wa Mitrovica walirudilia mwezi ule ule.

Chama ya Thaçi ilibakia ya kwanza. Mutu atasema: basi kurudilia kulifaa nini? Kulifaa hivi: kurudilia kura si juu ya kubadilisha mushindi, ni juu ya kujua mushindi ni nani. Mutu akishinda mbele ya macho ya wote, hata yule aliyeshindwa anaweza kulala.

Tunajua Congo ni kubwa, barabara ni mbaya, na Yakoma haifikiwi kama Skenderaj. Hatuombi wiki ine. Lakini tazameni ile karibu mwaka iliharibu nini. Katika sehemu kubwa ya inchi, madepite wa majimbo walichagua wasenateri na magavana mwezi wa ine 2024. Kwilu na Nord-Ubangi zilibakia kando, juu bunge zao hazikutimia. Majimbo mawili mazima yakangojea juu ya wizi wa teritwari mbili. Yule mama wa Bulungu au wa Gbadolite, ambaye hakuiba kitu, naye alilipa deni.

Sasa turudie kwetu, kwa kitu ambacho kila mutu hapa anakijua. Muchimbaji anatoka katika shimo na mifuko yake. Anafika kwenye depo ya wanunuzi. Kule wanapima kilo, kisha wanapima teneri, ni kusema kiasi gani cha kobalti au cha shaba kinapatikana ndani. Kama munuzi anabeba ile mashini nyuma ya mulango, anaisoma yeye moja, anarudi na kusema «yako ni moja na nusu tu», ni nani atamwamini? Labda anasema kweli. Lakini muchimbaji atarudi nyumbani na roho yenye kuuma, na kesho yake kutakuwa fujo. Ugomvi wa depo, minji haitoki kwenye bei. Inatoka kwenye kipimo ambacho watu wawili hawakukiona pamoja.

Kura njo vile. Bei ya kura ni moja kwa wote: ya injenieri na ya muchimbaji wa mukono ni sawasawa. Kitu kinacholeta vita ni kipimo.

Na kama kuna mahali ambapo watu wanapaswa kujua ile, ni hapa kwetu. Mwezi wa tano 1960, mbele ya uhuru, Katanga ilichagua bunge yake ya jimbo, viti 60. Conakat ya Moïse Tshombe ilipata 25. Kundi la Balubakat ya Jason Sendwe lilipata 23. Viti vingine vilikwenda kwa vyama vidogo na kwa watu wasio na chama. Hakuna aliyekuwa na nusu peke yake. Balubakat wakakataa matokeo ya sehemu kadhaa, wakasema kura zilichezewa. Wakatoka katika bunge, juu walijua sheria: ile Loi fondamentale ilitaka theluthi mbili za madepite wawe ndani ili kuchagua serikali ya jimbo. Pasipo wao, hakuna serikali.

Kulikuwa njia mbili. Ya kwanza ilikuwa kukaa pamoja, kuangalia zile sehemu zenye ugomvi na kugawanya kazi ya serikali. Ya pili ilikuwa kubadilisha kanuni. Bunge ya Ubelgiji ikachagua ya pili. Katikati ya mwezi wa sita 1960, ikibakia wiki mbili tu kufika uhuru, Bruxelles ikabadilisha ile sheria. Conakat ikafanya serikali karibu yeye moja. Tarehe 11 julai, siku kumi na moja tu kisha uhuru, Tshombe akatangaza kwamba Katanga inatoka katika Congo. Kaskazini ya Katanga ikawaka moto, na waliokufa ni watu ambao wengi hawakujua hata Loi fondamentale ni nini.

Hatusemi kwamba ni kura peke yake iliyoleta ile vita. Kulikuwa shaba, kulikuwa Union Minière, kulikuwa wakubwa wa inje na tamaa zao. Lakini watu waliofungiwa mulango wa bunge wanatafuta mulango mwingine, na mara nyingi ule mulango mwingine uko na bunduki nyuma yake.

Wazee wa hapa wanajua ile njia iliishia wapi. Iliishia kwetu. Mwezi wa kwanza 1963, Kolwezi ilikuwa kimbilio la mwisho la secession. Mamluki walikuwa wametega baruti kwenye madaraja, kwenye viwanda vya Union Minière, na hapa hapa kwenye barrage ya Nzilo. Tarehe 21 januari askari wa Umoja wa Mataifa waliingia Kolwezi, na barrage ikapona. Kila siku umeme wa Nzilo unapowaka, tukumbuke kwamba ilibakia kidogo tu uzimike. Ugomvi ulioanza na hesabu ya viti 25 na viti 23 ulikuja kukaa juu ya ukuta wetu wa maji.

Njo maana tunasema kwamba Masimanimba inatuangalia.

Tena kuna franga. Code minier ya 2018 inasema redevansi, ile malipo ambayo kampuni inatoa juu ya madini, inagawanywa hivi: 50 kwa mia inakwenda kwa serikali ya Kinshasa, 25 kwa jimbo, 15 kwa komini, sekta au usultani ambamo wanachimba, na 10 kwa mufuko wa vizazi vitakavyokuja. Lualaba inaishi na shaba na kobalti. Ni nani anayepitisha bajeti ya ile 25? Ni madepite wa jimbo, wale wale wanaochagua gavana na wasenateri. Ni nani anayepaswa kufuata ile 15? Katika komini ni wakonseye, ambao mwaka 2023 walichaguliwa kisha miaka minji ya kungojea, tena katika komini za miji mikubwa ya majimbo tu. Kwenye sekta na usultani, mahali ambapo mashimo yenyewe yako, watu wangali wanangojea siku yao.

Basi mutu akiiba kiti cha depite wa jimbo, hakuiba kiti cha kukalia tu. Ameshika ufunguo wa sanduku ambamo jasho la mugodi linaingia. Mama anayeulizwa franga ya dawa kwenye sentre de sante, mutoto anayeketi chini darasani, wale njo wanaolipa kura ya wizi.

Kwa hiyo tunaomba mambo matatu, mbele ya 2028 kufika.

Kwanza, PV ya kila biro ya kura ibandikwe kwenye mulango usiku ule ule, na kila shahidi apewe kopi yake, kama sheria inavyosema. Pasipo kuambiwa «kesho». Tena CENI itoe matokeo ya biro moja moja, ili mutu wa Nzilo alinganishe karatasi ya mulangoni na ile iliyofika Kinshasa.

Pili, ugomvi ukatwe mbele ya viti kukaliwa, na mahali penye kufutwa parudilie kura katika miezi michache, si kisha mwaka.

Tatu, kanuni isiguswe kisha kura kuhesabiwa. Hata kama inasaidia chama yetu, hata kama inasaidia mutoto wa kwetu. Mwaka 1960 ilisaidia watu kwa wiki chache, halafu ikawaponza wote.

Na kwako musomaji, baba wa mugodi, mama wa soko, kijana wa kariere, tuko na neno pia. Yule anayekuletea kitenge na kreti ya pombe wiki moja mbele ya kura, mwulize anatafuta nini. Mutu mwenye kuwekeza anataka faida. Na yule anayekuambia «linda kura ya kabila yetu», mwambie: PV haina kabila. Jifunze kuisoma, piga picha yake na simu, ihifadhi. Usitupe jiwe, usichome tairi. Ile njo wezi wanaitaka, juu katika fujo karatasi zinapotea.

Kwenye depo, muchimbaji mwenye akili haondoki mpaka aone mwenyewe namba ya mashini. Asiondoke vile vile kwenye mulango wa biro ya kura.