Mambo ya Nyumbani: Sakafu ya Vigae katika Banda la Gari

Katika nyumba yenye gari kuna chumba kimoja kisicho na mwenyewe. Bibi wa nyumba hukiona kuwa ni cha bwana, naye bwana hukiona kuwa ni cha gari. Kwa hiyo sebule hupigwa deki kila siku, jiko hufagiwa mara tatu, bali banda la gari husubiri sikukuu. Desturi hiyo ilistahimilika ambapo sakafu ilikuwa saruji tupu, kwani saruji ikiingia oili huwa nyeusi na mambo yakaishia hapo. Lakini mtu akitandaza juu ya saruji vigae vya plastiki vinavyofungamana, amejitwika sakafu nyingine inayodai utunzaji wa namna yake.

Katika nyumba moja ya mtaa wa Ngagara, mjini Bujumbura, vigae hivyo viliingia kwa njia ya Dubai. Mtoto wa kwanza wa nyumba hiyo, mfanyabiashara, alivileta pamoja na bidhaa zake nyingine: vya kijivu na vyeusi, kila kimoja sentimita 30 kwa 30. Vilipangwa kwa siku moja, bila gundi wala saruji. Baba yake, dereva mstaafu wa malori, alivitazama kwa muda mrefu akasema kwamba sasa gari linalala pazuri kuliko yeye. Miezi michache ya joto ilipopita, safu ya katikati ilikuwa imeinuka kama andazi, na kila aliyepita alijikwaa.

Kosa lilikuwa la upangaji. Vigae vilisukumwa hadi vikagusa kuta zote nne. Plastiki hutanuka sana ipatapo joto kuliko saruji iliyo chini yake. Safu yenye urefu wa mita 5, joto likizidi kwa nyuzi 20, huweza kurefuka kwa takriban sentimita 1. Isipopata nafasi ya kwenda pembeni, itakwenda juu. Dawa yake ni kukata vigae vya kandokando ili pabaki mwanya wa kama sentimita 1 kila upande wa ukuta. Mwanya huo ukichukiza macho, hufunikwa kwa ubao mwembamba uliopigiliwa ukutani, si sakafuni.

Kabla ya kununua sabuni yapasa kujua kigae ni cha aina gani, kwa maana kila aina ina adui wake. Njia nyepesi ni kukikunja. Kisichokunjika ni cha plastiki ngumu, nacho aghalabu hushikana kwa vipete na vijiti vilivyo pembeni, na chini yake huwa wazi kama sega la nyuki. Kinachokunjika kidogo na kuwa kizito mkononi ni cha vinili, chenye meno yanayoingiana kama vidole vya mikono miwili. Cha tatu ni cha mpira, nacho hujulikana kwa harufu. Mpira hauipendi oili wala petroli: hufura, ukalainika, ukapoteza umbo. Vinili huvumilia oili vizuri, ila huharibiwa na thina, asetoni na vimiminika vya jamii hiyo. Plastiki ngumu huvumilia karibu yote, lakini ule uwazi wa chini hukusanya mchanga, maji na mende.

Kuhusu vinili liko jambo moja linalowashangaza wengi. Gari likilala mahali pamoja, baada ya muda huonekana madoa manne ya rangi ya hudhurungi chini ya matairi. Mama wa nyumba huyasugua kwa sabuni, kisha kwa ndimu, kisha kwa majivu, na madoa hayatoki. Hayatatoka. Si uchafu uliokaa juu, bali ni dawa zilizotiwa katika mpira wa tairi ili usipasuke kwa jua na hewa, nazo huhama polepole zikaingia ndani ya vinili laini. Anayeendelea kusugua anajichosha bure, na akitumia brashi ya waya atabaki na doa pamoja na mikwaruzo. Kinachofaa ni kuzuia: vipande vinne vya ubao au vya plastiki ngumu huwekwa pale matairi yanaposimama. Mkeka wa mpira haufai kwa kazi hiyo, kwani nao ni mpira kama tairi. Na ikiwa doa limekwisha kuingia, hapo ndipo uzuri wa vigae vya kufungamana unapoonekana: kigae chenye doa hung'olewa kikahamishiwa chini ya kabati la vifaa, na cha kule kikaletwa mahali pake.

Usafi wa kila juma si kazi kubwa. Gari hutolewa nje kwanza. Kufagia kulizunguka ni kujidanganya. Kisha mchanga hufagiliwa kwa ufagio laini, na jambo hili lisirukwe, kwa sababu mchanga ukikanyagwa na tairi hugeuka kuwa msasa. Tope la masika ni heri liachwe likauke, lifagiliwe likiwa vumbi, kuliko kupakazwa likiwa bichi. Ndipo hufuata tambara lililokamuliwa katika maji yenye sabuni kidogo, na baada yake tambara la pili lenye maji matupu. Wengi huliacha hili la pili kwa uvivu. Sabuni ikibaki juu ya plastiki huteleza, tena huvuta vumbi, na kesho yake sakafu huwa chafu kuliko jana.

Tabia ya kumwaga ndoo nzima ya maji, iliyozoeleka kwenye saruji, haina budi kuachwa. Maji hupenya maungio yakatuama chini, na baada ya siku chache banda hutoa harufu ya uvundo isiyojulikana itokako. Hata asiyemwaga maji hupaswa kuving'oa vigae angalau mara moja kwa mwaka, na katika Bujumbura kiangazi cha Juni hadi Agosti ndio wakati wake. Huanzwa na safu iliyo mlangoni. Kila kigae huandikwa namba kwa chaki mgongoni, la sivyo jioni itakuta familia nzima inafanya fumbo. Saruji iliyo chini hufagiwa, huoshwa kwa sabuni, na huachwa ikauke kabisa. Kisha vigae hurudishwa kwa kugongwa taratibu na nyundo ya mpira. Kijiti kilichovunjika kisilazimishwe. Kigae hicho hupelekwa pembeni pasipopita gari.

Jeki ya gari na mguu wa pikipiki huweka uzito mwingi juu ya nukta ndogo, hivyo kipande cha ubao kitangulie chini yake. Tindikali ya betri ikimwagika, hunyunyiziwa magadi mpaka iache kutoa povu, ndipo ipanguswe kwa maji mengi na mikono iliyovaa glavu.

Oili iliyomwagika haioshwi mara moja. Hufunikwa kwanza kwa majivu baridi, mchanga mkavu au unga wa mbao, ikaachwa saa kadhaa inywewe, kisha ikazolewa. Sabuni huja baadaye. Uchafu huo uliozolewa usitupwe katika mfereji wa mtaani. Mifereji ya Bujumbura humimina katika mito, nayo mito, Ntahangwa ukiwa mmojawapo, huishia katika Ziwa Tanganyika. Nchi nne zinazolizunguka ziwa hilo zilitia sahihi mkataba wa kulihifadhi mwaka 2003 mjini Dar es Salaam. Lakini maji yanayotoka kwenye bomba la Bujumbura kwa sehemu kubwa huchotwa katika ziwa hilohilo, na mpishi wa Ngagara hahitaji mkataba ili kujua maana yake. Oili chakavu iwekwe katika dumu na kupewa fundi.

Wapo wanaosafisha oili kwa petroli. Ni kweli petroli huitoa, na ni kweli pia kwamba huweza kuitoa nyumba yote. Mvuke wake ni mzito kuliko hewa; hauendi juu dirishani, bali hutambaa sakafuni, ukaingia chini ya vigae vilivyo wazi, ukakaa humo ukingoja cheche. Petroli hutoa mvuke wa kuwaka hata katika baridi kali ipitayo ile ya barafu, sembuse katika joto la kando ya ziwa. Jiko la makaa lililoko uani, hatua chache kutoka mlango wa banda, latosha. Wakati wa uhaba wa mafuta, kama ule wa mwaka 2024, watu wengi walijifunza kuweka madumu ya petroli nyumbani, na kwa kuwa dumu lipo karibu, tambara nalo huchovywa humo bila kufikiri. Sabuni ya kuoshea vyombo huifanya kazi hiyo polepole zaidi, ila haiunguzi mtu.

Katika nyumba ile ya Ngagara, baada ya vigae kurekebishwa, usafi ulikabidhiwa msichana wa kazi, naye alikuwa hodari. Kila asubuhi sakafu iling'aa. Alhamisi moja mzee alipita pale na kijiti chake cha kusugulia meno, akamkuta amepiga magoti nyuma ya gari.

"Binti yangu, unapangusa nini hapo?"

"Maji, Babu. Kila siku yapo."

"Tangu lini?"

"Tangu juma lililopita. Lakini mimi nayaondoa kabla baba hajaamka."

Mzee akainama kwa taabu, akagusa kile kilichobaki. Maji hukauka kidoleni. Haya yaliteleza, yalikuwa na rangi ya manjano hafifu, na upande wa ndani wa tairi la nyuma la kushoto ulikuwa umelowa. Akafunua boneti, akatazama kichupa cha mafuta ya breki: kiwango kilikuwa chini ya alama ya mwisho. Jumamosi gari hilo lilikuwa lipande Bugarama kuelekea Gitega, likiwa limewachukua shangazi wanne wa bibi harusi, na Jumapili lirudi kwa njia hiyohiyo. Kila dereva wa Burundi anajua mteremko ule, unaoshuka kutoka mita zipatazo 2,200 mpaka karibu na usawa wa ziwa ambao haufiki mita 800, na waendesha baiskeli waliosheheni ndizi kando ya barabara.

Fundi aliyeitwa kutoka Buyenzi alikuta silinda ndogo ya breki ya gurudumu lile imechakaa mipira yake. Alibadilisha za pande zote mbili za nyuma, akatoa hewa katika mabomba, na kazi ikamalizika Jumamosi alasiri. Mashangazi walikwenda kwa basi, wakanuna, na inasemekana baadhi yao wangali wamenuna.

Msichana yule hakuwa na kosa. Aliambiwa asafishe, akasafisha. Hakuna aliyemwambia kwamba sakafu safi husomwa kabla ya kupanguswa, na kwamba kigae cha kijivu huonyesha mambo ambayo saruji nyeusi ilikuwa ikiyaficha. Tone jeusi au la kahawia chini ya injini ni oili. Moja kwa usiku si msiba, lakini yakizidi gari lipelekwe kwa fundi. Tone jekundu, katika magari mengi yanayojibadilishia gia yenyewe, hutoka kwenye sanduku la gia au kwenye usukani. Tone la kijani au la waridi lenye utelezi ni la rejeta, nalo lifutwe upesi kwani lina ladha tamu na ni sumu kwa mtoto na kwa paka. Maji matupu chini ya upande wa abiria, baada ya safari ya mchana wenye joto, ni ya kipozahewa, hayo yapanguswe tu. Bali unyevu wowote karibu na gurudumu haungoji kesho. Mafuta ya breki yenyewe hutoka kwa maji na sabuni, nayo hubabua rangi ya gari, hivyo tambara lililoyapangusa lisitumiwe tena kwenye bodi.

Tangu siku hiyo, kila jioni gari likiisha kuingia, msichana husukuma chini yake katoni lililofunuliwa. Asubuhi mzee hulivuta kwa fimbo yake, akaligeuza kwenye mwanga, akalitazama kama atazamavyo gazeti. Akiisha kuridhika ndipo hunywa chai, na msichana huchukua tambara lake.