Nafuu ya kodi isiyofika gereji

Na Salim Mwakio

Juzi gari langu lililala kwenye gereji moja ya Changamwe, chini ya mwembe, katikati ya mabodi ya magari yaliyoshindikana. Fundi alikuwa uvunguni. "Kumi na tatu!" akaita. Kijana akampa spana ya kumi na nne. Ilipozungushwa ikateleza, ikala pembe za nati, na dakika arubaini zikaishia kwenye tindo na nyundo. Nati mpya sikuilipia mimi. Aliitoa fundi mfukoni mwake, na zile dakika pia zilikuwa zake.

Kumfunza kijana kazi ni gharama ya namna hiyo, na ndiyo sababu serikali nyingi humfuta jasho mwajiri anayekubali kuibeba. Kenya tunayo sheria yake. Tangu Januari 2016, mwajiri anayechukua wanagenzi wasiopungua 10 kwa miezi 6 hadi 12 anastahili nafuu ya kodi mwaka unaofuata. Mwanzoni ilikuwa lazima wawe wahitimu wa chuo kikuu. Wa vyuo vya kiufundi waliongezwa baadaye.

Kumi, tena wahitimu! Benki itawapata, na nadhani ingewachukua hata bila kubembelezwa. Gereji ya Changamwe ina vijana watatu, na aliyemaliza kidato cha nne ni mmoja. Fundi wao hana vitabu vya hesabu wala mhasibu. Serikali anayokutana nayo ni askari wa kaunti anayeulizia leseni. Huyu utampunguzia kodi ipi?

Na ufundi wa nchi hii unafunzwa hukohuko. Aliyekunja bati la jiko lako kule Kamukunji, aliyechomelea geti lako, aliyenyoosha bampa: wengi wao walianza kwa kumshikia fundi taa. Siwapambi mafundi. Wapo wanaomgeuza kijana mtumwa wa chai na chapati, na wapo wanaomtoza mzazi ada ya kumpokea mwanawe, kisha mwaka mzima mtoto hajagusa ila tambara la kupangusia oili. Ukiwagawia pesa kwa kuhesabu vichwa, utashangaa vichwa vitakavyoota.

Lakini njia ipo, na haihitaji mfuko mpya. Waajiri hutozwa shilingi 50 kwa mwezi kwa kila mfanyakazi, ushuru wa mafunzo unaosimamiwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwanda (NITA). Ni shilingi 600 kwa mwaka kwa kila mmoja. Mwajiri mchangiaji anayegharimia mafunzo yaliyoidhinishwa anaweza kudai arudishiwe, jambo linalomfaa mwenye karani wa kujaza fomu. NITA hiyohiyo ndiyo inayotahini mafundi kwa madaraja, hata wale waliojifunzia mtaani bila kupita chuoni.

Basi fundi na alipwe kupitia mtihani huo. Apewe kidogo siku kijana anaposajiliwa, na fungu kubwa siku anapofaulu daraja la tatu. Mwanagenzi hewa hawezi kufungua giaboksi mbele ya mtahini akairudisha bila kubakisha skrubu mkononi. Fundi naye atakuwa na sababu ya kumtoa kijana kwenye chai na kumwingiza uvunguni. Na hiyo miezi 6 isiwe kipimo. Katika miezi 6 kijana wa gereji amejua kubadilisha oili na breki pedi. Kuisikiliza injini na kujua inalia wapi ni kazi ya miaka.

Tukisubiri rangi ya chini ya gari ikauke, nilimsimulia fundi habari ya sheria hii. Aliniuliza mara mbili kama nimesema kumi. Akawatazama vijana wake, akautazama mwembe na kivuli chake.

"Bwana, nikiwaleta hao kumi," akasema, "gari lako nitaliweka wapi?"